Kitufe cha 'Futa' kilivyokula michango ya chama: Jifunze kusaka tafsiri mbovu kwa amri moja

Hebu jaribu kitu kimoja. Ingia kwenye mipangilio ya simu yako, badilisha lugha kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, kisha uishi nayo siku mbili. Wengi wetu hatumalizi hata saa moja. Tunarudi Kiingereza mbio, halafu tunasema Kiswahili ni kigumu, ati maneno yake ni ya kamusi.

Mimi sikubali. Mara nyingi kinachotuchosha si ugumu wa maneno, ni programu kukosa msimamo. Skrini ya kwanza inakuambia uweke 'nenosiri', ya pili inataka 'nywila', ya tatu inadai 'neno la siri'. Ukiwa mgeni utadhani unaulizwa vitu vitatu tofauti. Ni kama matatu ambayo kibao cha mbele kimeandikwa Rongai, cha ubavuni Ngong, na makanga anaita Kiserian. Gari lenyewe huenda ni zima kabisa, lakini wewe utapanda?

Habari njema ni kwamba vurugu ya aina hii inaweza kusakwa na kunaswa. Huhitaji digrii. Mimi mwenyewe chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipogoma, na hakuna aliyeniitisha cheti nilipoandika amri yangu ya kwanza. Unahitaji kompyuta au simu ya Android, bando kidogo, na ujue Kiswahili chako vizuri. Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote, na utaona kwa nini.

Futa mbili, skrini moja

Kabla ya kufika kwa amri, acha nikuonyeshe mbona jambo hili si mchezo wa watu wa kompyuta tu.

Kuna chama kimoja cha akina mama mtaani kwetu. Vijana fulani waliwatengenezea programu ya kurekodi michango, na kwa heshima wakaiweka kwa Kiswahili. Poa sana. Siku moja mhazini akawa anarekodi pesa, akabonyeza jina la mwanachama bila kutaka, kisanduku kikafunguka. Alitaka kitoke tu. Akaona kitufe kimeandikwa 'Futa', akakibonyeza. Michango ya mwezi mzima ya yule mwanachama ikaenda.

Nilikuwepo walipokuwa wakilizungumzia.

"Lakini Mama, si imeandikwa Futa?" kijana mmoja akamwambia kwa upole.

"Mwanangu, hata kile kisanduku cha kwanza kimeandikwa Futa, na nikibonyeza hapo kinaondoka tu, hakuna kinachopotea. Sasa mimi nitajuaje kwamba Futa hii si Futa ile?"

Huyo mama alikuwa sahihi asilimia mia. Mtu aliyetafsiri skrini ya kwanza aliandika 'Futa' kwa maana ya kughairi kitendo. Aliyetafsiri skrini ya pili, labda wiki tatu baadaye, akaandika 'Futa' kwa maana ya kuondoa kabisa. Kila mmoja, ukimsoma peke yake, hana kosa linaloonekana. Kosa liko katikati yao. Chama kiliponea kwa sababu mhazini bado alikuwa anaandika kila kitu kwenye daftari. Asingekuwa na daftari, wanachama wangeanza kuangaliana vibaya, na unajua chama kikifika hapo mwisho wake huwa ni upi.

Maneno ya programu hukaa wapi?

Watu wengi hudhani maneno unayoyaona kwenye skrini yamechanganywa ndani ya programu yenyewe. Zamani ilikuwa hivyo. Siku hizi programu nyingi huyaweka kando, kwenye faili za maandishi matupu, faili moja kwa kila lugha. Kwenye programu za Android, Kiswahili hukaa kwenye folda inayoitwa `values-sw`, ndani ya faili la `strings.xml`. Programu inayoendesha Wikipedia huyaweka kwenye faili la `sw.json`. Na programu nyingi huria, hasa za Linux, hutumia mfumo wa gettext, ambao faili zake huishia na `.po`. Hizo herufi `sw` ndizo kitambulisho cha Kiswahili duniani kote, kama vile Kenya ni +254.

Faili la `.po` ni rahisi kusoma kuliko unavyodhani. Huu hapa mfano, unaofanana na faili la kile chama:

`#: src/michango.c:88`
`msgid "Cancel"`
`msgstr "Futa"`

`#: src/michango.c:131`
`msgid "Delete"`
`msgstr "Futa"`

Mstari wa `#:` unakuambia maneno hayo yanatumika wapi ndani ya programu. `msgid` ni maneno ya asili, mara nyingi Kiingereza. `msgstr` ni tafsiri. Ni hayo tu. Shida ni kwamba faili la kweli linaweza kuwa na jumbe mia tano, elfu mbili au zaidi. Kulipitia kwa macho, moja baada ya nyingine, ni njia nzuri ya kulala mapema. Hapo ndipo terminali, ile skrini nyeusi ambayo sinema huitumia kututisha, inapokuwa rafiki yako.

Anza na grep, lakini usiishie hapo

Amri ya kusaka maandishi ambayo kila mtu huanza nayo ni `grep`. Ni mzee wa kazi: iliandikwa na Ken Thompson kule Bell Labs, Marekani, miaka ya mapema ya 1970, na mpaka leo iko kwenye kila Linux. Ukiandika:

`grep -n "Futa" sw.po`

itakupa kila mstari wenye neno 'Futa' pamoja na nambari ya mstari. Lakini utaona `msgstr "Futa"` mara kumi bila kujua kila moja ilitafsiri nini. Ongeza `-B 2`, nayo itakuonyesha mistari miwili ya juu pia:

`grep -n -B 2 "Futa" sw.po`

Sasa unaona Kiingereza chake. Kwa faili ndogo, hiyo yatosha kukupa picha. Kwa faili kubwa, grep itakuangusha kwa njia ambayo hutaigundua, na hilo ndilo baya zaidi. Tazama ujumbe huu mrefu:

`msgstr ""`
`"Unakaribia kumwondoa mwanachama huyu. Michango yote iliyorekodiwa kwa jina "`
`"lake itafutwa."`

Gettext hukata sentensi ndefu ili zisipite upana wa skrini. Sasa saka maneno 'jina lake' kwa grep. Hutapata kitu, kwa sababu 'jina' liko mstari mmoja na 'lake' liko wa pili. Grep husoma mstari kwa mstari. Haijui kwamba hiyo ni sentensi moja. Utafunga kompyuta ukiwa na furaha kwamba hakuna shida, na shida iko pale pale inakuangalia.

Amri inayojua tofauti ya swali na jibu

Dawa ni `msggrep`. Huja pamoja na gettext. Kwenye Ubuntu unaiweka kwa `sudo apt install gettext`. Kwenye simu ya Android, weka kwanza Termux kutoka F-Droid, kisha uandike `pkg install gettext`.

Uzuri wa msggrep ni kwamba haihesabu mistari, inahesabu jumbe. Inajua sehemu gani ni maneno ya asili na gani ni tafsiri. Ukiweka `-K` unasaka kwenye maneno ya asili. Ukiweka `-T` unasaka kwenye tafsiri. Kwa hivyo:

`msggrep -T -e 'jina lake' sw.po`

itakupata ule ujumbe uliokatwa, mzima mzima, na Kiingereza chake juu. Usishangae ukiona pia maelezo ya faili yakitokea mwanzoni. Msggrep huyabakiza kila mara ili matokeo yenyewe yawe faili halali.

Sasa amri iliyoumbua kitufe cha chama:

`msggrep -K -i -e 'cancel' sw.po | msggrep -v -T -i -e 'ghairi'`

Isome kama sentensi. Nusu ya kwanza inasema: nipe kila ujumbe ambao Kiingereza chake kina 'cancel', herufi kubwa au ndogo, sijali. Kile kijiti cha katikati kinapitisha matokeo kwa nusu ya pili. Nusu ya pili inasema: kati ya hizo, niachie zile ambazo tafsiri yake HAINA 'ghairi'. Hiyo `-v` ndiyo 'haina'. Kinachobaki ni orodha ya wakosaji. Kwenye faili la chama tulipata 'Futa' na 'Sitisha' zikikaa mahali pa 'Ghairi'. Kazi iliyochukua wanaume wawili jioni nzima ya kubishana ilimalizwa na mstari mmoja.

Angalia mtego mmoja hapo. Ukiweka `-K` na `-T` ndani ya msggrep moja, unapata 'hii AU ile', si 'hii NA ile'. Ukitaka zote mbili zitimie, ndiyo unaunganisha amri mbili kwa kile kijiti.

Na ukishawapata wakosaji, usiwe na pupa ya kubadilisha kila 'Futa' kuwa 'Ghairi' kwa mpigo. Utazivunja zile za 'Delete', ambazo ziko sawa. Badilisha ujumbe mmoja mmoja, halafu umalize kwa:

`msgfmt -c --statistics -o /dev/null sw.po`

Hiyo itakuambia jumbe ngapi zimetafsiriwa na ngapi bado. Pia itapiga kelele ikiwa, kwenye ujumbe uliowekewa alama ya `c-format`, umeangusha alama kama `%d` iliyopaswa kubeba idadi.

Tafuta, mafuta na itafutwa

Hapa ndipo Kiswahili chako kinakuwa mtaji. Kijana wa kompyuta asiyejua lugha hii atakwama mahali ambapo wewe utapita.

Kiingereza hakibadilishi neno sana. Kiswahili hukibandika kitenzi mbele na nyuma: kufuta, umefuta, imefutwa, haijafutwa. Ukisaka neno zima 'Futa' pekee, yote hayo yatakupita. Kwa hivyo unasaka mzizi, 'fut', bila kujali herufi kubwa. Sawa? Fanya hivyo uone. Itakuletea pia 'tafuta' zote, na kila programu ina kitufe cha kutafuta. Ikiwa ni programu ya petroli, itakumwagia 'mafuta' pia.

Utasema, rahisi, niondoe chochote chenye 'tafut'. Simama hapo hapo. Rudi kwenye ule ujumbe mrefu: "Michango yote ... itafutwa." I-ta-fut-wa. Ndani yake mna 'tafut'! Ukiondoa 'tafuta' zote kwa kasi, umeondoa pia onyo la hatari kuliko yote kwenye programu nzima, lile linalomwambia mama kwamba pesa zitapotea kwenye rekodi.

Funzo langu ni hili: ukitaka kukagua Kiswahili, sakia upande wa Kiingereza. Uliza `-K -i -e 'delete'`, kisha usome tafsiri zinazokuja. Neno la asili halina viambishi vingi vya kukuchezea. Upande wa `-T` utumie tu ukishajua neno halisi unaloliwinda. 'Ghairi' ni rahisi kwa sababu mzizi wake hubaki mzima popote: kughairi, imeghairiwa, umeghairi. 'Futa' si rahisi. Hakuna amri itakayokuambia tofauti hiyo. Wewe ndiye unaijua.

Kuna mtego mwingine mdogo. Programu nyingi huweka alama ndani ya neno ili kuonyesha herufi ya njia ya mkato kwenye kibodi. Za GNOME hutumia mstari wa chini, za KDE hutumia `&`. Kwa hivyo 'Ghairi' inaweza kuwa imeandikwa `Gh_airi`, na ukisaka 'ghairi' hutaiona. Kwa hali hiyo kuna kifaa kinachoitwa `pogrep`. Ukikiambia alama ni ipi, kinairuka na kusoma neno kama binadamu. Pia kinaweza kupekua folda nzima yenye faili nyingi. Kimo ndani ya Translate Toolkit, zana zilizotoka kwa Translate.org.za, kikundi kilichoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2001 na Dwayne Bailey ili programu zipatikane katika lugha zote rasmi za nchi hiyo. Ndani ya mfuko huo huo kuna `poconflicts`, ambayo hukuorodheshea maneno ya asili yaliyotafsiriwa kwa njia zaidi ya moja. Yaani unaipa folda, inakurudishia ugomvi wote. Zana hizi ziliundwa na watu wa bara hili, kwa shida ambazo sisi pia tunazo.

Kiswahili nacho hakikuanza jana. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili.

Neno moja la Kiingereza, ngeli kibao

Si kila tofauti ni kosa. Hili ulijue kabla hujaanza kuwakosoa watu mtandaoni. Saka:

`msggrep -K -e '^New$' sw.po`

Alama hizo mbili zinamaanisha ujumbe wote ni neno 'New' tu. Ukiona lina mistari mingi ya `#:` juu yake, jua linatumika sehemu kadhaa. Sasa jiulize: nini ndicho kipya? Faili ni 'mpya', lakini kundi ni 'jipya', na chama ni 'kipya'. Tafsiri moja haiwezi kuwatosha wote. Vivyo hivyo kwa ujumbe kama "3 selected": watu 'wamechaguliwa', faili 'zimechaguliwa', vitabu 'vimechaguliwa'.

Hapo mfasiri hana hatia. Anayepaswa kubadilisha ni mwandishi wa programu, atenganishe maneno hayo kwa kuyawekea `msgctxt`, mstari mmoja unaosema hili ni la faili na lile ni la kundi. Ukimwandikia, mpelekee matokeo ya amri yako pamoja na ile mistari ya `#:`. Mtu akipewa jina la faili na nambari ya mstari hawezi kukuambia eti ni maoni yako tu.

Ugomvi wa maneno tuumalizeje?

Ukianza kusaka hivi, utaingia kwenye vita vya zamani: kompyuta au tarakilishi? Nenosiri au nywila? Kisakuzi au kivinjari? Wakenya tuliosoma vitabu vya shule tuna yetu, Watanzania wana yao, na kila mtu ana mwalimu wake aliyemfundisha kwamba mengine ni makosa.

Ushauri wangu: kabla ya kubishana neno lipi ni bora, saka lipi tayari limetumika mara nyingi kwenye faili hilo, ukafuate hilo. Neno la wastani linalorudiwa kila mahali humfundisha mtumiaji. Neno tamu linalotokea mara moja humpoteza. Kwenye ile programu ya chama tulichagua 'Ghairi', kwa sababu Android tayari hulitumia, na hao akina mama wanatumia Android. Vijana waliogopa kwamba ni neno la kitabuni. Mhazini akawacheka. "Kwani nyinyi hamjawahi kughairi safari?"

Kila Julai 7 huwa tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021. Hotuba huwa tamu. Lakini lugha haitumiki kwa hotuba. Inatumika kwa vitufe, na kitufe kimoja kibovu kinaweza kumfanya mama wa miaka hamsini arudi kwa Kiingereza asichokielewa, au kwa daftari.

Kwa hivyo jioni hii, chagua programu moja huria unayoitumia. Shusha faili lake la Kiswahili. Saka maneno manne tu: 'cancel', 'delete', 'password', 'save'. Andika kila moja limetafsiriwa kwa njia ngapi. Kama ni njia moja, wapongeze waliolitafsiri, maana hakuna anayewapongeza. Kama ni njia tatu, msee wangu, una kazi ya kufanya wikendi hii, na pengine kuna mhazini mahali fulani ambaye hutawahi kumjua lakini utakuwa umemwokoa.